Pirogi Mbili za Urefu Mmoja

Juzi jirani yetu hapa Goma alipanda juu ya paa lake akaanza kuziba matundu kwa gudroni, ile lami nyeusi wanayoiyeyusha ndani ya kopo juu ya makaa. Moshi wake ukaingia kwa dirisha la jikoni kwangu nikiwa nachambua sombe, yale majani ya muhogo. Kabla sijajua nanusa nini, nilikuwa nimeshakasirika. Nilifunga dirisha kwa nguvu hata mtoto wangu mdogo akauliza nani amenikosea. Ningemwambia nini, kwamba nimekosewa na pirogi, mtumbwi wa kuvulia samaki?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wenzangu wa umri wangu waliokulia kule ziwani watanielewa. Kuna vitu vilivyotupata tukiwa na miaka minane, tisa, ambavyo wakubwa walivimaliza siku ileile wakaenda kulala, na sisi tukabaki navyo.

Tuliishi kando ya moja ya maziwa ya Mokoto, upande wa Masisi, mahali ambapo milima inashuka moja kwa moja mpaka majini. Juu kulikuwa na maharagwe, katikati mihogo, chini kabisa matete, kisha maji. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai iliyokaa. Asubuhi ukungu ulilala juu yake mpaka jua lipande, na uliwasikia wavuvi wakikohoa kabla ya kuwaona. Nguo zetu zote zilinuka moshi wa kambale. Nilipoanza kwenda soko la Kashuga na shangazi, niliwashangaa watoto wa kule ambao nguo zao hazikunuka kitu.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mkulima asubuhi na mvuvi siku nyingine, lakini mvuvi wa pirogi za watu. Mwenye pirogi alichukua nusu ya samaki kabla papa hajashika hata mmoja, na nusu ile ilikuwa ya samaki wakubwa. Tulicholetewa sisi nyumbani kilikuwa miiba mingi na nyama kidogo. Hivyo babu alipofariki akamwachia papa ng'ombe mmoja, papa hakukaa naye hata majuma mawili. Alimuuza, akarudi nyumbani, akasimama katikati ya kiwanja na kusema kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani kwamba atanunua pirogi.

Jumatatu yake nikasema shuleni kwamba tumeshanunua. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na makosa mengine yote yalizaliwa na hilo.

Pirogi zilizokuwa zinauzwa pale ziwani zilikuwa mbili tu, zote zimekwisha kutumika miaka mingi. Moja ilikuwa ya Kaka Janvier, kijana mchuuzi aliyeirithi kwa mjomba wake na ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuvua hata dagaa. Aliiweka juu ya magogo, chini ya kibanda cha majani ya mgomba, mbali na maji. Ilikuwa imepakwa gudroni nje na ndani, ikang'aa kama sufuria mpya, na kwenye pua yake mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu MUNGU NI MWEMA. Papa alipenda niyasome maneno hayo kwa sauti. Mimi nilipenda kuipapasa. Ilikuwa laini na ya moto kwa jua, na mkono ulibaki unanuka barabara za mjini, nilivyozifikiria.

Ya pili ilikuwa ya Papa Hangi, mzee aliyevua ziwa lile tangu kabla papa hajazaliwa. Hiyo hukuiona mpaka ukaingia ndani ya matete, maji yakakufika magotini. Ilikuwa pale imelala, imejaa maji karibu na ukingo, majani yakielea ndani, na viluwiluwi wakiogelea humo kana kwamba ni ziwa lao dogo. Mti wake ulikuwa na ukijani. Ilinuka kama ndani ya mtungi wa zamani. Nilipoiona mara ya kwanza nilimhurumia mwenye mali, maana niliona wazi kwamba pirogi hii ilikuwa inazama polepole na hakuna aliyemwambia.

Papa Hangi hakuinuka kwenye kiti chake tulipofika. Alimwambia papa kwamba pirogi ilimlisha miaka yote, sasa magoti yamekataa, anayeitaka aende kuitazama. Papa alimuuliza kuhusu maji yale. Mzee alijibu kwamba ni maji, basi. Nafikiri aliona aibu kumweleza mwanaume wa ziwani jambo ambalo kila mwanaume wa ziwani alipaswa kulijua. Na papa aliona aibu kuuliza mara ya pili.

Basi akapima. Alichukua kamba ya mgomba, akapima ya Papa Hangi toka pua mpaka mkia, akafunga fundo, akaenda na kamba mpaka kwa Kaka Janvier. Fundo liliangukia palepale. Akapima upana, ukawa mmoja. Akarudia Jumapili iliyofuata kwa kamba nyingine na ikawa vilevile, isipokuwa tofauti ya kiganja ambayo hakuweza kusema ni ya pirogi gani, kwa sababu kamba ilikuwa imelowa ikanyooka. Hata bei waliyotaka wenyewe ilikuwa karibu moja. Niliona uso wa papa siku hiyo. Alikuwa anatamani moja iwe kubwa, hata kidogo, ili isiwe yeye wa kuchagua.

Yakapita majuma. Kila Jumapili baada ya kanisa tulizunguka, kwanza huku, halafu kule, na mimi nyuma yake na viatu vyangu mkononi. Papa aliuliza kila mtu. Aliuliza mwalimu wa katekisimu, akauliza wavuvi, akauliza mama aliyeuza chumvi. Kila mmoja alimpa jibu na kila jibu lilimrudisha alikotoka. Wengine walisema gudroni ni nzuri inafunga maji. Wengine walisema gudroni inaficha. Wengine walisema Papa Hangi ni mchawi kidogo, wengine wakasema ni mtakatifu kidogo. Papa alirudi nyumbani akakaa, akachora pirogi mbili kwenye vumbi kwa kijiti, zenye urefu mmoja, akazifuta kwa mguu.

Na mimi Jumatatu nilikuwa na Esperansi. Esperansi alikaa dawati la mbele yangu, baba yake alikuwa mvuvi pia, na hakusahau kitu. Kila Jumatatu aligeuka, akaniuliza mbele ya wote kama pirogi yetu imefika ama ingali inajifunza kutembea. Darasa lilicheka. Niliapa kwamba imefika, kisha nikaapa kwamba inapakwa rangi, kisha kwamba imeazimwa na mjomba. Nilichoka. Nilimchukia papa kwa namna ambayo mtoto anaweza kumchukia mtu anayempenda, nikamwangalia anavyotafuna chakula polepole na kufikiri kwamba hata kumeza anashindwa kuamua.

Sijasema bado habari za mama, na hilo lenyewe linaonyesha jinsi tulivyokuwa.

Mama hakuwa mtu wa Masisi. Alizaliwa kule Walikale, msituni, kando ya mto Lowa, na aliletwa kwetu kwa ndoa. Ndugu za papa walimwita mutu wa pori. Walisema kwa kucheka, na yeye alicheka nao, kidogo. Alipika tofauti, alisali vilevile lakini aliimba kwa kuchelewa kidogo nyuma ya wengine, na alipozungumza na shangazi zangu alitafuta maneno. Mimi mtoto nilichukulia kutafuta maneno huko kuwa ni kutojua mambo.

Jioni moja papa alikuwa anamweleza dada yake, shangazi yangu, kwa mara ya ishirini labda, yale maji ndani ya pirogi ya Papa Hangi. Mama alikuwa anakoroga ugali amewapa mgongo. Bila kugeuka akasema:

"Pirogi inakunywaka maji. Baba yangu alikuwaka anachonga pirogi, anazijazaka maji yeye mwenyewe. Ukiacha mti mukavu, unapasuka. Ile ya mu maji njo nzima."

Shangazi, aliposikia kwamba iliyojaa maji ndiyo nzima, alicheka mpaka akashika tumbo. Alisema kwao mama pirogi zinakunywa, labda na mbuzi zinasoma. Papa akacheka kidogo, akasema kwa upole kwamba huo ulikuwa mto na hili ni ziwa, mambo hayafanani. Mimi nikacheka pia. Nilicheka kwa sababu shangazi alicheka. Mama aliendelea kukoroga, na mwiko ulipiga sufuria sawa na mwanzo, wala si kwa nguvu zaidi.

Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka komite ya wavuvi ilikataza kuvua kwa muda ili samaki watage, na siku ya kufungua kila mwenye pirogi alipaswa awe ameandikisha jina lake. Papa aliyekuwa amejaza siku zake kwa kupima alishtuka kuona zimebaki tatu tu. Ndipo akapata fikra. Ijumaa jioni, akijua Papa Hangi yuko shambani kwake ng'ambo ya kilima, alienda kwenye matete akachota maji yote kutoka ile pirogi, akaikausha kwa kitambaa. Aliniambia niende Jumamosi asubuhi mapema nitazame. Ikiwa kavu, ni nzima. Ikiwa na maji, inavuja, na mambo yatakuwa yamekwisha. Yeye alitakiwa asubuhi hiyo kwenye komite.

Nilienda. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona miguu yangu. Nilifuata njia ya ng'ombe mpaka matete, na nilipoanza kuingia nikasikia maji yakimwagika. Yakatulia, yakamwagika tena. Nikachuchumaa. Mbele yangu, labda hatua kumi, alikuwa Papa Hangi amenipa mgongo, maji yamemfika magotini, ameshika ndoo nyekundu. Ndoo ilishuka, ikapanda, ikamwaga. Sikuona inachota wapi na inamwaga wapi. Niliona mgongo, na ndoo, na kitu cheusi cha pirogi mbele yake.

Kichwani mwangu yote yalikaa sawa mara moja. Mzee amerudi, amekuta pirogi yake imejaa tena kwa sababu inavuja, na sasa anaikausha kwa siri kabla papa hajaja kuona. Ningeweza kusogea hatua tano nihakikishe. Majani ya matete yalikuwa yananikata, maji yalikuwa ya baridi, na keshokutwa ilikuwa Jumatatu. Niligeuka nikakimbia.

Papa nilimkuta hajaondoka bado kwenda kwenye komite, amesimama kiwanjani na koti lake la kanisani. Mama alikuwa anafagia. Nilisema kwa pumzi za kukatika kwamba Papa Hangi yuko ndani ya matete na ndoo. Papa aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Nakumbuka aliniuliza taratibu, kama mtu anayejua kwamba swali ni moja tu.

"Mama, ulimuona anatoa maji, ao anatia?"

Aliniita mama, kama baba wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Na mimi nilijua kwamba sikuona. Nataka liandikwe hapa wazi, maana miaka mingi nimejaribu kulizunguka. Nilijua.

"Anatoa," nikasema. Halafu, kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaongeza: "Alikuwa anaangalia huku na kule, sawa vile mwizi."

Uso wa papa ulilegea. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na nilidhani ni mimi niliyeutua. Mama aliacha kufagia. Hakumtazama papa, alinitazama mimi, akasema tu kwamba papa aende amuulize mzee mwenyewe. Papa alikuwa ameshashika njia ya kwa Kaka Janvier.

Siku ya kufungua ziwa watu wote walishuka. Mwalimu wa katekisimu aliomba, wanawake waliimba, na pirogi zikaingia majini moja moja. Yetu ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilisimama karibu na Esperansi kwa makusudi ili asome yale maneno ya bluu. Aliyasoma, akageuza uso. Ndani walikuwa papa na baba mdogo, na nyavu mbili zilizoshonwa na mama majuma yote yale ambayo papa alikuwa anapima. Waliondoka wakipiga kasia kwa nguvu, wakicheka. Niliwatazama mpaka wakawa kitu kidogo cheusi. Kwa muda huo, labda saa nzima, nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote wa Masisi.

Baadaye papa alitueleza. Alisema jua lilipopanda gudroni ililainika, na wakiwa na uzito wa nyavu na samaki wa kwanza alisikia chini ya miguu yake mlio kama wa mtu anayevunja muwa. Ufa ulifunguka toka katikati mpaka karibu na mkia. Ulikuwa ufa wa zamani, umejazwa matambara na kufunikwa lami. Walichota maji kwa bidoni, lile dumu la plastiki, wakachota kwa mikono. Walipoona hawashindi, walikata nyavu zikaenda chini pamoja na samaki. Baba mdogo hakujua kuogelea.

Sisi ufukweni tuliona tu pirogi nyingine ikigeuza njia na kuwaendea. Ilikuwa ile yenye ukijani. Baba yake Esperansi aliinunua kwa Papa Hangi Jumapili, siku moja baada ya sisi kuchagua, na alifanya hivyo bila kupima chochote. Alimtoa baba mdogo majini kwa kumvuta kwapa, akafunga yetu kwa kamba, akaikokota mpaka pwani ikiwa imejaa maji, pua tu ikichungulia. MUNGU NI MWEMA. Papa alitembea kando yake, maji kifuani, ameishika kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Kaka Janvier hatukumpata. Alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi upande wa Bisie, na watu wa nyumbani kwake walisema aliuza pirogi kavu kama alivyosema, wala hakuwahi kusema ni nzima. Papa alisikiliza maneno hayo amesimama mlangoni, akasema asante, akarudi.

Alikaa siku tatu bila kutoka. Siku ya nne mama alimwambia ainuke. Hakupaza sauti. Alimpeleka pwani pamoja na baba mdogo, akawaambia waikwangue lami yote, na walipomaliza akawaambia waijaze mawe na kuizamisha kwenye maji ya kina kifupi. Wanaume wawili walitazamana. Kisha wakaizamisha. Ilikaa chini majuma mawili. Mama alienda kwa miguu mpaka kwa watu wa kwao waliokaa njia ya Pinga, akarudi na nyuzi za magome ya mti na utomvu uliofungwa kwenye jani, akavishindilia ndani ya ule ufa kwa kijiti na nyundo. Sikuwahi kumwona mama akifanya kazi bila kutafuta neno hata moja. Mikono yake ilijua.

Ufa ulikuwa umejibana sana, lakini haukufunga kabisa. Mama alisema ingekuwa imenyweshwa maji toka mwanzo isingefika hapo. Alilisema kwa mti, si kwa papa. Pirogi ilirudi kazini karibu na ufukwe tu, na ilihitaji mtu wa kukaa ndani akichota maji wakati wote. Mtu huyo nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua, nilijitolea. Kila Jumamosi na kila likizo nilikaa katikati na bidoni iliyokatwa, nikichota na kumwaga, nikichota na kumwaga, mpaka mabega yakawaka. Na kila mara papa aliponishukuru, akasema bila mimi tungekuwa tumeshazama, nilitaka kumwambia. Neno lilifika mdomoni, likarudi. Hasira yote niliyokuwa nayo juu yake kwa kutoamua ilinigeukia mwenyewe, kwa sababu na mimi kila siku niliamua na kila siku sikusema.

Mwaka huo Papa Hangi alinisimamisha njiani nikitoka shule. Nilitaka kukimbia. Aliniuliza habari za baba, habari za pirogi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Asubuhi ile nilikuona mu matete. Nilifikiri unakuja kunisaidia kutia maji. Muntu alikuwa ameikausha, sikujua ni nani. Nikangoja baba yako akuje aniulize. Hakukuja."

Alinipita akaenda zake na fimbo yake. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba huenda nilisema kweli kwa bahati.

Tulitumia pirogi ile misimu miwili. Kisha vita vilikuja karibu, tukahama kama wengi, na sijui iliozea wapi. Nilikua, nikaolewa, nikahamia hapa mjini. Wazazi wangu nao walinifuata baadaye, na sasa wanakaa nyuma ya nyumba yangu katika vyumba viwili. Papa haoni vizuri. Mama bado ana nguvu.

Siku ile jirani alipoyeyusha gudroni, nilipomaliza kumjibu mtoto kwamba si kitu, nilivuka kiwanja nikaenda kwao. Papa alikuwa amekaa mlangoni. Mama alikuwa kwenye mkeka na ungo wa maharagwe, akitoa mawe. Nilikaa chini na kusema yote bila kupumzika, ukungu, ndoo, hatua kumi, na neno nililosema, na lile la mwizi nililoongeza juu yake. Nilimwambia papa kwamba ni mimi niliyemchagulia pirogi mbovu, na kwamba karibu nimuue yeye na baba mdogo kwa sababu ya kuchekwa shuleni.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakumbuki. Alikumbuka pirogi, alikumbuka lami, alikumbuka baridi ya maji kifuani, lakini hakumbuki mimi kumwambia jambo lolote. Alisema yeye aliamua kabla, tangu siku ya kwanza, kwa sababu Papa Hangi hakuinuka kwenye kiti alipomsalimia. Alipokwenda kukausha ile pirogi alikuwa anatafuta sababu tu. Ningesema anatia, asingenisikia.

Siwezi kueleza nilivyoghadhibika. Mabega yangu mpaka leo yanauma msimu wa mvua kwa kuchota maji yale, na mwenyewe anasema sikuwahi kuhusika. Nilitaka anisamehe au anigombeze. Hakuwa na chochote cha kunipa.

"Mimi nakumbuka," mama akasema. Hakuinua kichwa. "Ulisema anatoa. Nilikuangalia macho, nikajua haukuona."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Papa naye akageuza uso upande ilikotoka sauti.

"Kama ulikuwa unajua, kwa nini haukuniambia?" alimuuliza.

"Nilikuambia."

"Lini?"

Mama alitikisa ungo mara moja, akachagua jiwe, akalitupa nje. Niliona kwamba hatajibu. Hakuwa amekasirika, alikuwa amemaliza tu, zamani sana, na hakuona sababu ya kuanza upya kwa ajili yetu.

Basi nikajibu mimi. Nilimwambia papa ilikuwa jioni, ugali ukiwa motoni, shangazi amekaa juu ya kinu kilicholazwa karibu na mlango. Nilimwambia mama alikuwa amewapa mgongo. Nikarudia maneno yake yote kama alivyoyasema, kwa lugha yake ileile, kwamba pirogi inakunywaka maji, kwamba baba yake alizijaza mwenyewe, kwamba mti ukikauka unapasuka, kwamba ile ya mu maji njo nzima. Nikamwambia nani alicheka, wa kwanza na wa pili na wa tatu. Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya maharagwe, na ilibaki hivyo mpaka nilipomaliza.